Bi Opereta Ajifunza Kunyamaza

Jumamosi ya kwanza ya masomo, Bi Opereta alisimamishwa mara saba kama mtoto mtukutu. Sheria ya darasa la lugha ya alama ilikuwa moja tu, nayo iliandikwa ubaoni kwa chaki: HAKUNA SAUTI. Anayefungua mdomo akatoa neno, anasimama mpaka zoezi liishe. Mara ya kwanza alisimama kwa kusema "Hamjambo" alipoingia. Mara ya pili alisimama kwa kuuliza kwa nini anasimamishwa. Mara ya tatu kile kiti cha watoto wa darasa la kwanza kilimbana mapaja, akajikuta anasema "Ee Mola wangu." Mwalimu alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa na hakusikia chochote, lakini aliona midomo ikicheza, akanyoosha kidole juu. Simama.

Nne zilizobaki hakutaka hata kuzikumbuka.

Alipokaa kwa mara ya saba, jasho likimtiririka mgongoni, aligeuka kumtazama mke wa mwanawe kwenye dawati la jirani, akitegemea angalau jicho la huruma. Mama Chiriku hakugeuka. Alikuwa anatazama ubao, vidole vyake vyembamba vya ushonaji vikirudia alama ya "maji" polepole, kama anayepima kitambaa. Yeye hakuwa amesimamishwa hata mara moja. Ndiyo, atasimamishwaje, Bi Opereta aliwaza kwa uchungu. Huyu kunyamaza ndiyo fani yake. Nyumbani huu ni mwaka mzima amenyamaza.

Jina la Opereta lilitokana na kazi. Kwa miaka thelathini na moja alikaa katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya mapokezi ya hospitali kubwa, visikilizio masikioni, akiunganisha simu. Alianza enzi za waya za kuchomeka kwenye matundu, akamalizia kwenye vitufe. Alizijua namba zote za ndani kwa kichwa: wodi ya wazazi kumi na nne, maabara ishirini na mbili, chumba cha upasuaji tatu, mochwari arobaini. Madaktari waliofanya naye kazi miaka kumi walikuwa wanakutana naye kwenye ngazi na kumpita kama mtu baki, mpaka afungue kinywa. Hapo ndipo wanaposhtuka: "Kumbe ni wewe!" Maana sauti yake ilijulikana. Ilikuwa sauti nzito kidogo, laini, isiyo na haraka. Mtu alipiga akiwa anatetemeka, akauliza habari za mgonjwa wake, na kabla hajakata simu pumzi zilikuwa zimemrudia. Siku anastaafu, mganga mkuu alisema mbele ya watu kwamba sauti ile ilitibu wengi kuliko dawa. Bi Opereta alilia, akapewa blanketi na saa ya ukutani.

Baada ya hapo alihamia kwa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa dereva wa lori la masafa, anaonekana nyumbani siku nne kwa mwezi, tatu kati ya hizo akiwa amelala. Kwa hiyo kwa kweli alihamia kwa mkewe, Mama Chiriku, fundi wa kushona na kutundika mapazia, na kwa mjukuu aliyeitwa Chiriku kwa sababu alikuwa haachi kupiga domo tangu anaamka mpaka usingizi umnyang'anye maneno mdomoni. Walikuwa wanaelewana vizuri. Mkwe alikwenda kwenye kazi zake, bibi akabaki na mtoto. Hakukuwa na cha kulalamikia, ukiondoa chumvi, ambayo Mama Chiriku alikuwa anaipima kwa ubahili wa ajabu.

Kisha ikaja ile homa.

Chiriku alikuwa na miaka sita. Aliamka na mwili wa moto na kichwa kinamuuma. Mama yake alikuwa na kazi kubwa siku hiyo, mapazia ya ukumbi mzima wa mikutano, akasimama mlangoni na begi lake la ndoano na futi ya kupimia. "Mama, nisiende?" "Nenda," Bi Opereta alimwambia. "Mafua tu hayo." Saa saba mchana Mama Chiriku akapiga simu. Bi Opereta akapokea, akamwambia: "Anaendelea vizuri. Amelala. Usiwe na wasiwasi."

Mama Chiriku aliporudi saa kumi na moja alimkuta mtoto macho yamegeuka, hamtambui mtu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Wodini walikaa wiki tatu. Chiriku alipona, akarudi nyumbani amekonda na mwenye hamu ya kula kila kitu. Siku ya pili Bi Opereta alidondosha sufuria jikoni, mfuniko ukazunguka sakafuni kwa kelele za kuamsha mtaa mzima, na mtoto aliyekaa hatua mbili kutoka pale hakugeuza hata shingo.

Mama Chiriku hakumlaumu. Hilo ndilo lililomtoa Bi Opereta roho. Angefokewa angejua la kufanya. Badala yake alipewa adabu. Shikamoo Mama. Chakula tayari Mama. Maji ya kuoga yamechemka Mama. Asubuhi mpaka usiku, mwaka mzima, maneno yaleyale yaliyopigwa pasi, na macho yanayotua begani badala ya usoni. Bi Opereta alijaribu kuchokoza. Alisema mchuzi hauna chumvi. "Samahani Mama," aliambiwa, akaletewa chumvi. Utagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Ni kama kupiga ngumi godoro.

Mwanawe naye hakuwa msaada. Alikuwa anarudi na zawadi za mtoto: kinanda cha plastiki, mdoli anayelia akibonyezwa tumbo, gari lenye king'ora. "Hivi wewe baba," Bi Opereta alimuuliza, "umeambiwa mtoto hasikii?" "Nimeambiwa, Mama. Lakini yana rangi nzuri." Akaingia kulala.

Chiriku alipelekwa shule yenye darasa la watoto viziwi, na huko alifunguka kama ua. Ndani ya miezi mitatu mikono yake ilikuwa inapiga domo kuliko ulivyopiga mdomo. Tatizo lilikuwa nyumbani. Anaingia na habari zake zote mikononi, anamtazama mama, anamtazama bibi, wote wawili wamemkodolea macho. Anarudia. Anapiga mguu chini. Analia. Bi Opereta, mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kupaza sauti, alijikuta anapiga kelele mbele ya uso wa mtoto: "UNATAKA NINI, MWANANGU?" kana kwamba uziwi ni mlango wa kusukumwa kwa nguvu.

Mwalimu mkuu aliwaita. Alisema watu wazima wawili wa nyumba ile lazima wajifunze, kila Jumamosi asubuhi, darasa la bure palepale shuleni. Baba hayupo. Basi wakatazamana, au kwa usahihi zaidi, Bi Opereta akamtazama mkwewe na mkwewe akalitazama bega lake.

Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kile kiti.

Mwalimu wao siku za kazi alikuwa seremala, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa iliyojaa makovu, na kwa kufundisha hana dogo. Darasani walikuwa tisa. Alikuwemo kinyozi mmoja aliyeoa mke kiziwi na anayejua alama za mahaba tu, na nyingine zote hajui. Wengi walikuwa wazazi. Bi Opereta ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na baada ya wiki tatu ilikuwa wazi kwamba ndiye pia aliyekuwa nyuma kuliko wote.

Vidole ndivyo vilivyoanza kumsaliti. Baridi yabisi ilikuwa imeshavikunja viwili vya mkono wa kulia, na alama nyingine zilitaka kidole kimoja kisimame na vingine vilale, jambo ambalo vidole vyake vilikataa kabisa. Alitaka kusema "mimi ni bibi," akasema "mimi ni mbuzi." Kinyozi alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye dawati, bila sauti, mabega yakimtikisika. Bi Opereta alifungua mdomo kumpa lake, akakumbuka, akaufunga. Ilimuuma kama kumeza jiwe.

Lakini vidole vilikuwa afadhali. Balaa lilikuwa uso. Mwalimu aliandika ubaoni neno lingine kwa herufi kubwa, USO, na akawaeleza kwa mikono na michoro kwamba katika lugha hii uso ni nusu ya maneno. Mkono ukisema "mgonjwa" na uso ukawa mkavu, hujasema kitu. Swali liko kwenye nyusi. Huzuni iko mdomoni. Kila Jumamosi alikuwa anapita kwenye madawati, akifika kwa Bi Opereta anasimama, anamtazama, anatikisa kichwa, anarudi kugonga ubao kwa kidole. USO. Ko, ko, ko. Anakunja uso wake mwenyewe kumwonyesha, anautanua, anaupindisha kama mpira. Bi Opereta anajaribu. Anatikisiwa kichwa. Ko, ko, ko.

"Ana nini na uso wangu?" alifoka wakiwa njiani kurudi nyumbani. "Sura niliyopewa ndiyo hii!"

"Ndiyo, Mama," alisema Mama Chiriku.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, ndiyo hiyo."

Nyumbani walipaswa kufanya mazoezi, maneno kumi kila jioni, watu wa nyumba moja pamoja. Mama Chiriku alisogeza vitambaa na sahani ya ndoano pembeni, wakakaa mezani kama watahiniwa. Hakuwa mwalimu mbaya, na hilo nalo lilikuwa linaudhi. Bi Opereta akikosea, mkwe alivishika vile vidole viwili vibovu, akavikunja taratibu mpaka vikae panapotakiwa, akaviachia. Vikianguka, anarudia. Hakulalamika wala kuguna. Mwanzoni Bi Opereta aliona anadharauliwa. Baada ya siku kadhaa aligundua kwamba huyu mtu hakuwa amemgusa tangu wodini. Alikosea makusudi neno la saba, akarekebishwa tena.

Na Chiriku alikuwa mkaguzi. Alisimama kwenye kiti, mikono kiunoni, akiwatazama wanavyojikongoja. Mama akipatia, anapigiwa makofi. Bibi akikosea, anapigwa kofi la mkononi. "Siyo," mtoto alimwonyesha, nyusi zimekunjamana. "Siyo. Siyo. Bibi, tazama!" Alikuwa na uvumilivu wa mbu. Jioni moja Bi Opereta alimuuliza kwa alama kama ameoga, mtoto akaanguka chini kwa kicheko, na ilichukua nusu saa kuelewa kwamba alikuwa amemuuliza kama ametaga.

Kwa hiyo msishangae kwamba, ilipofika Jumamosi ya tisa, Bi Opereta aliingia darasani akiwa ameshakasirika tangu nyumbani.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa kumweleza mwenzako habari za kazi yako. Yeye alikuwa amejiandaa wiki nzima. Alikaa uso kwa uso na Mama Chiriku, akaanza: Mimi. Hospitali. Simu. Watu wengi. Mimi sauti. Alikuwa anakwenda vizuri, vidole vyote vikitii, akafika katikati kabisa ya maelezo yake, na kivuli cha seremala kikaanguka juu ya dawati. Ko, ko, ko. Safari hii aligonga dawati lenyewe, kisha akajigusa shavu. Uso.

Bi Opereta alichoka. Alichoka naye, akachoka na kiti, akachoka na kinyozi aliyekuwa anachungulia. Laiti angekuwa na sauti yake angemweleza yule bwana kwa dakika moja kwamba uso huu ni wa kazi, umefundishwa kazini, mtu haruhusiwi kutetemeka kwenye simu ya hospitali. Lakini sauti hana, na Mwalimu ameshapita. Basi akamgeukia mkwewe kwa hasira, aelezwe yeye, angalau mtu mmoja ajue kwamba hakuzaliwa gogo. Akakusanya maneno yote aliyokuwa nayo.

Mtu, simu, alionyesha. Anauliza: mgonjwa wangu? Mgonjwa amekufa. Mimi najua. Bosi anasema: simu, hapana. Habari mbaya, simu, hapana. Mimi nasema: vizuri. Anaendelea vizuri. Njoo.

Akaweka mikono chini, ameridhika. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa, na hakukosea hata moja.

Ndipo alipoona mikono ya Mama Chiriku imeganda hewani. Mama Chiriku hakuwa anatazama bega. Alikuwa anamtazama machoni, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kisha akainua mkono mmoja, akatoa alama moja, nyusi zimepanda kuuliza.

Mtoto?

Kwa sauti Bi Opereta alikuwa na njia mia za kuzunguka. Angesema mwanangu, wakati ule mimi niliona, na wewe unajua jinsi homa za watoto zilivyo, angesema mipango ya Mungu, angelainisha, angeongeza, angepunguza. Mikononi alikuwa na maneno kama mia mbili, ya maji na mkate na jana na leo, na hata moja la kuzungukia hakuwa nalo. Alitazama mlango. Alimtazama Mwalimu, aliyekuwa mbali na kinyozi. Akainua mikono.

Mtoto, alionyesha. Akajishika shingo. Shingo ngumu. Mimi naona. Wewe simu.

Alama ya hofu ilikuwa ya juma lililopita na hakuwa ameishika vizuri. Mikono ilijaribu, ikapishana, ikaanguka kifuani. Hakujua kwamba uso wake wakati huo ulikuwa umeshaisema.

Wewe unauliza, mtoto? Mimi nasema: vizuri.

Mama Chiriku alipiga dawati kwa kiganja. Wenye masikio waliruka, na Mwalimu aliusikia mtikisiko kwenye sakafu akageuka. Kisha mikono ya fundi wa mapazia ikaanza kusema, haraka, haraka mno, vidole vikikatana kama mkasi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Na Bi Opereta, katika saa ambayo aliingoja kwa mwaka mzima na kuiogopa kuliko kifo, hakuelewa hata neno moja.

Akainua kiganja. Polepole. Sielewi. Rudia.

Mama Chiriku alimkodolea macho asiamini. Alifuta uso kwa mkono wa gauni, akavuta pumzi, akarudia. Mimi, nasikia, sauti. Yako. Sauti, mbaya. Mimi najua.

Hapo Bi Opereta alielewa. Lakini mwenzake alikuwa anaendelea: Mimi najua. Tano bado. Tano... na alama iliyofuata haikuwa imefundishwa darasani. Mkwe alikuwa anachora hewani kitu kirefu kinachoning'inia.

Mlango? Bi Opereta aliuliza.

Hapana.

Nguo?

Hapana! Mama Chiriku alishona hewani, akatundika hewani, akavuta kulia, akavuta kushoto, kwa hasira za mtu anayelazimishwa mchezo wa kubahatisha ishara kwenye mazishi.

Mapazia. Mapazia matano yalikuwa bado. Alisikia sauti ya mama mkwe kwenye simu saa saba mchana, akajua, kwa jinsi mtu anavyojua, kwamba haiko sawa. Akabaki kutundika mapazia matano. Mimi nabaki, alimalizia. Kosa. Mimi. Akajipiga kifua mara mbili pale pa alama ya "mimi," kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Bi Opereta alinyoosha mkono juu ya dawati dogo, ukashikwa, au labda yeye ndiye aliyeshika, baadaye hawakukubaliana juu ya hilo. Wengine wote darasani walikuwa wameinamisha macho kwenye daftari zao kwa bidii isiyo ya kawaida. Mwalimu alikuja, akasimama, akautazama uso wa Bi Opereta, uliolowa na kukunjamana kama nguo iliyotoka kufuliwa, na bwana yule akainua dole gumba kumpongeza.

Kama angekuwa na nyundo karibu, Bi Opereta angemrushia.

Walitoka darasani, wakavuka uwanja wa shule, wakaingia barabarani. Sasa sauti ilikuwa ruhusa na hakuna aliyeitaka. Walipita duka la vifaa, wakapita kituo cha mafuta.

"Ungeniambia tu, Mama," alisema Mama Chiriku.

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba shingo imekaza. Kwamba unaogopa."

"Nilizoea kusema vile. Mdomo ulisema wenyewe."

"Mimi si mtu wa kupiga simu hospitali! Mimi ni mama yake!"

"Najua wewe ni mama yake."

"Hujui! Ungejua ungeniambia!"

"Na wewe mbona ulijua ukabaki?" Neno lilimtoka Bi Opereta kabla hajalizuia. Alisimama, mkono mdomoni.

Mama Chiriku naye alisimama. Kisha akasema, kwa sauti kavu, "Ndiyo maana siwezi kukutazama. Nikikutazama naliona hilo swali."

"Sijawahi kuuliza!"

"Umeuliza sasa hivi!"

Basi wakagombana. Waligombana kuanzia kituo cha mafuta mpaka mlangoni kwao, kwa sauti zote walizokuwa wameziweka akiba, juu ya simu, juu ya mapazia, juu ya dereva wa lori na ving'ora vyake, na mwishowe juu ya chumvi. "Mwaka mzima nakula chakula cha wagonjwa!" "Si daktari ndiye aliyesema presha yako ipunguziwe chumvi!" "Daktari gani? Mbona hukuniambia?" "Ungekubali?" Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika kabisa, kibanio mdomoni.

Chiriku, aliyekuwa ameachwa kwa jirani huyohuyo, alitoka mbio akaingia nao ndani. Aliwaona wamesimama sebuleni, midomo inapiga, mishipa imewatoka shingoni. Alipiga mguu chini. Hawakuona. Akapanda kwenye meza, katikati yao kabisa, akawanyooshea viganja.

Mikono! alionyesha. Mikono!

Walitazamana. Mtoto alikuwa anadai haki yake. Ugomvi wa nyumba ni wa wote.

Kwa hiyo ikabidi wagombane upya, kwa mikono, na maneno mia mbili. Ugomvi ule haukufika mbali. Mtu hawezi kumkomoa mwenzake kwa "mkate" na "jana." Chiriku aligeuza shingo huku na huku, kisha akauliza: Nini?

Bi Opereta alimtazama mkwewe. Mkwewe aliitikia kwa kichwa kwamba sawa. Ndipo bibi, kwa vidole vyake vibovu na uso ambao sasa ulikuwa hauna ulinzi wowote, akamweleza mjukuu wake: Wewe mgonjwa. Zamani. Mimi kosa. Mama kosa. Sisi huzuni.

Chiriku aliwaza kidogo. Akainua mabega.

Mgonjwa imeisha, alionyesha. Njaa.

Nisiseme kwamba baada ya hapo nyumba ile ilijaa nderemo. Zipo siku Mama Chiriku anaona mtoto wa watu akiimba njiani, na anarudi nyumbani amefunga mdomo, na siku hizo Bi Opereta anamwachia chumba. Ipo siku Bi Opereta aliota anapokea simu ya mkwewe na kusema ukweli, akaamka akiwa na furaha kwa muda mfupi sana, na aliposimulia asubuhi mezani, wote wawili hawakumaliza chai.

Lakini ile adabu ya pasi ilikufa. Sasa Mama Chiriku anajibu. Anajibu mno, kwa maoni ya Bi Opereta. Akiwa kazini anapiga simu ya picha, kwa sababu sauti peke yake ameshaikataa waziwazi. "Onyesha uso," anasema kabla ya salamu, na mtu mzima wa watu lazima ashike simu mbele ya pua yake kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Siku moja Chiriku alikohoa mara tatu. Simu ilipokuja, Bi Opereta alisema, "Anakohoa tangu asubuhi, na mimi nina wasiwasi. Rudi." Mama Chiriku alishuka kwenye ngazi na pazia la mteja likining'inia kwa ndoano mbili, akarudi mbio. Kilikuwa kikohozi. Mtoto alikuwa anaruka kamba.

"Mama! Nimeacha kazi ya watu kwa kikohozi?"

"Ulitaka niseme anaendelea vizuri?"

"Nilitaka useme ni kikohozi!"

"Nilijuaje kama ni kikohozi? Mimi ni daktari? Amua moja!"

Muhula ulipoisha Mama Chiriku alifaulu akapelekwa darasa la pili. Bi Opereta alianguka kwenye tahajia ya vidole, akaambiwa arudie. Alihamaki siku tatu. Alisema ni uonevu, akasema seremala ana lake jambo, akasema harudi tena. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Mkwe alimfundisha herufi jioni baada ya jioni, na kwa kuwa vidole viwili vya kulia havikuwa na dalili ya kutii, walikaa wakatafuta njia ya kuzifanya kwa mkono wa kushoto. Ilichukua miezi miwili na matusi madogo madogo. Hata dereva wa lori, alipokuta nyumba nzima inasemana kwa mikono na hakuna anayesumbuka kumtafsiria, aliomba aandikiwe alama za namba, akawa anajifunza kwenye foleni za mizani ya malori barabarani.

Mara ya pili Bi Opereta alifaulu, kwa alama moja juu ya kiwango. Mama Chiriku alisema Mwalimu alimwonea huruma mtu mzima. Walinuniana kwa hilo Jumapili asubuhi nzima, mmoja jikoni na mwingine barazani, mpaka Chiriku alipokuja kumvuta bibi kwa kanga, kumpeleka ndani akaseme naye habari za shule, ndefu, zenye watu wengi, na mama akasogeza kiti ili naye aone.